Mwendo wa Kijiti

Wanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekubaliana, bila mkutano wala kura, kwamba Kijiti ana mtu ndani.

Kijiti mwenyewe hakuwa mtu, hilo lieleweke mapema. Alikuwa kikaragosi cha kijivu kwenye kompyuta: hana uso, hana nywele, hana nguo, kichwa kama yai na viungo vyembamba vilivyompa jina. Mwalimu wao alikuwa amemtengeneza miaka saba nyuma ili wanafunzi wajifunzie katuni, na kazi aliyompa ilikuwa moja tu, kutembea. Alitokea kushoto mwa skrini, akapiga hatua kumi na mbili, akapotelea kulia, kisha akatokea tena kushoto kana kwamba hajawahi kuondoka. Kutwa nzima yeye ni guu na njia.

Ukimtazama mara moja huoni neno. Ukimtazama mara ya kumi, vinyweleo vinakusimama. Vikaragosi vya kujifunzia hutembea kama saa ya ukutani, havina habari na mtu. Huyu alitembea kama anayejua kwamba kuna jicho linamfuata. Mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo, ukaburuzika pale chini kwa muda usiotosha hata kupepesa, kisha ukajirusha kuuwahi mwenzake. Na katika hatua ya tisa mabega yalipanda, yakatetemeka mara moja, yakashuka. Darasa zima lilikuwa likiisubiri hatua ya tisa. Walikuwepo wavulana wawili wa safu ya nyuma, vijana wakubwa wenye ndevu zinazoanza kuota, ambao hawakuweza kwenda chooni bila kuzima skrini zao kwanza, eti wasimwache Kijiti peke yake.

"Mwalimu, huyu Kijiti ni nani hasa?" waliuliza kila mwaka.

"Ni kijiti."

"Mbona kama anapumua?"

"Anapumulia wapi, na pua hana? Fungueni kazi zenu."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, wa miaka arobaini na kitu, shati limechomekwa sawasawa hata siku ya joto. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mifupa, si kwa ukondefu wake, ingawa mnene hakuwa, bali kwa somo lake la kwanza ambalo hakuna aliyewahi kulikwepa.

"Kiumbe asiye na mifupa hatembei," aliwaambia, akigonga skrini kwa kalamu. "Nyinyi mnakimbilia rangi na nguo. Mnamvika nani hizo nguo, hewa? Tieni mifupa kwanza." Kisha aliwaonyesha: mfupa wa paja, goti, kisigino. Unaweka mkao wa kwanza hapa, unaweka mkao wa pili pale, na ile mikao ya katikati kompyuta inajaza yenyewe. "Lakini mjue kompyuta ni mvivu. Itajaza kwa njia ya mkato. Binadamu hatembei kwa njia ya mkato. Kazi yenu ni kuukatalia uvivu wake, fremu kwa fremu, yaani picha kwa picha, mpaka mtu aonekane."

Alikuwa mwalimu hodari, na alikuwa na siri. Mwendo wa Kijiti hakuutunga. Aliuchukua kwa binti yake.

Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jumamosi moja baba yake alimwomba atembee kwenye korido ya nyumba yao, kutoka chumba cha mbele mpaka mlango wa jikoni, ili ampige video kwa simu. Mama mtu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko palepale chumba cha mbele. Alimshonea mtoto vifungo vyeupe juu ya nguo nyeusi, kila kifungo mahali pa kiungo: magotini, viwikoni, nyongani, mabegani. Mtoto alitembea mara moja tu, akasema amechoka, akaenda kucheza. Baba alikaa wiki tatu akivihamisha vifungo vile, fremu baada ya fremu, kuvipeleka kwenye mifupa ya Kijiti. Kazi ilipokwisha alifurahi sana. Wiki iliyofuata homa ilimpata mtoto siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika.

Simu yenye ile video ilipotea katika msukosuko wa msiba, nyumba imejaa watu, nani umuulize. Mkewe alizifungia picha zote za mtoto sandukuni, ufunguo akauficha anakokujua mwenyewe. Tangu hapo hawakumzungumzia. Si kwamba waligombana. Walipishana katika korido ile mara ishirini kwa siku, wakaambiana chai iko tayari, wakaambiana bomba limekauka, na mtoto wao akawa shimo katikati ya nyumba ambalo kila mmoja alijifunza kulizunguka.

Kwa hiyo kilichobaki kwa Mwalimu ni Kijiti. Kila mchana, wanafunzi wakienda kula, alifunga mlango wa chumba cha kompyuta, akavuta mapazia, akamrusha Kijiti ukutani kwa projekta. Alikuwa amempima: ukutani alitoka na kimo cha mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mwalimu aliketi juu ya meza, akala mkate wake, akamwangalia mwanawe akipita. Hakulia. Watu wengine huenda makaburini; yeye alikuwa na hatua zake kumi na mbili, na ile ya tisa ndiyo aliyoipenda zaidi, ingawa hakuwahi kujua maana yake.

Ubaya wa mzuka wa namna hii ni kwamba unazaliana. Kila kundi la wanafunzi lilianza na Kijiti kabla ya kutengeneza viumbe wao, na chochote walichotengeneza kikatembea kama yeye. Bibi mchawi, askari wa zamu, simba aliyesimama kwa miguu miwili, wote waliburuza mguu wa kushoto. Mwaka juzi Mwalimu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, runinga ikawa inaonyesha tangazo la dawa ya meno. Mswaki wenye miguu ukakatiza skrini, mguu wa kushoto ukichelewa. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa ameajiriwa na watu wa matangazo. Mwalimu aliinuka na shuka yake shingoni, akatoka nje. Kinyozi akamfuata mpaka barabarani, mashine mkononi inanguruma, akiuliza kama amemkata.

"Hujanikata," alisema, machozi yanamtoka. "Nimemwona mtu ninayemfahamu."

Ndiyo maana alikuwa na sheria moja ambayo walimu wenzake wa fani waliiona ya ajabu: Kijiti hanakiliwi. Kulikuwa na faili moja tu, aliyoiita faili mama, katika kompyuta kubwa ya shule. Kazi za wanafunzi ziliunganishwa nayo na kumwazima Kijiti kutoka huko. Ukimgusa kule, anabadilika kwa wote. Aliwaambia ni kwa ajili ya kuokoa nafasi. Ukweli ni kwamba hakuweza kuvumilia mwanawe agawanywe vipande thelathini, asahaulike kwenye folda za watoto wa watu. Hata yeye mwenyewe hakuwa na nakala nyumbani. Na huyu ndiye mtu aliyepasua koo kila siku, "Hifadhini kazi mara tatu! Nimesema mara tatu!" Mganga hajigangi.

Mwaka huu alikuwepo Macho Manne. Huyo alikuwa msichana wa miwani minene, mwembamba, mwenye maneno machache na jicho la kuona kasoro kabla haijatokea. Kwa vipaji alivyowahi kufundisha, Mwalimu hakuona wa kumlinganisha naye, wala hakujisumbua kuficha upendeleo. Alimfanya msimamizi wa mafaili, akampa nywila ya faili mama. Alimwamini, na aliyeaminiwa alistahili.

Sasa, ubaoni kulikuwa na barua ya majaji wa mashindano ya shule, imebandikwa tangu mwaka jana. Ilisema kazi za shule hii ni nzuri kuliko kawaida, lakini zote zina kosa lilelile la wanaoanza: mguu wa kushoto unateleza. Shule ilikuwa imeshika nafasi ya pili miaka minne mfululizo kwa sababu ya mguu huo. Mwalimu, ambaye somo lake la pili lilikuwa "mguu ukikanyaga umekanyaga, usiteleze", aliisoma barua, akaibandika kwa sababu mkuu wa shule alimwamuru, na hakusema lolote.

Wiki moja kabla ya kutuma kazi za mashindano, aliitwa kwenye semina ya siku mbili. Aliporudi Jumatano asubuhi alikuta darasa linamngoja kwa kicheko cha pembeni, mapazia yamefungwa, projekta inawaka, na Macho Manne amesimama mbele akishindwa kuficha meno.

"Mwalimu, tuna kitu chako. Kaa kwanza."

Akakaa. Msichana akabonyeza. Kijiti akatokea kushoto mwa ukuta.

Alitembea vizuri. Balaa lenyewe ndilo hilo. Kulia, kushoto, kulia, kila unyayo ukikanyaga umekanyaga. Mabega yametulia tuli. Hatua ya tisa ikaja, ikapita, haikuwa na kitu. Darasa likapiga makofi.

"Hata haogopeshi tena," alisema mmoja wa wale wavulana wa nyuma, kwa furaha ya kweli.

Mwalimu aliangalia ukuta. Alingoja mzunguko wa pili, na wa tatu, kama mtu aliyefika kituoni na kukuta gari limeondoka, lakini bado anachungulia barabarani.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, Mwalimu?"

"Yule wa zamani. Yuko wapi?"

Macho Manne alidhani anaulizwa juu ya kazi yake, akaanza kueleza kwa fahari. Alikuwa amekaa siku mbili kwenye faili mama, akailainisha mistari ya mwendo mmoja mmoja, akauwahisha mguu wa kushoto kwa fremu mbili, akaondoa ule mtetemeko wa mabegani ambao bila shaka ulikuwa hitilafu ya zamani. "Safari hii majaji hawatatupata. Na nimehifadhi, Mwalimu. Mara tatu, kama ulivyotufundisha."

Programu ile huweka akiba ya matoleo mawili ya nyuma. Ukihifadhi mara moja, la zamani lipo. Ukihifadhi mara ya pili, bado lipo, limesukumwa ukingoni. Mara ya tatu limedondoka. Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Na kwa kuwa kila kazi iliunganishwa na faili mama, hakukuwa na Kijiti wa zamani kwenye hata moja kati ya kompyuta kumi na sita za darasa. Mpango wote ulikuwa wa kwake, na binti wa watu alikuwa ameufuata bila kukosea popote.

Hayo aliyawaza baadaye. Pale pale alichokifanya ni kupiga kelele, mtu ambaye hawajawahi kumsikia akipandisha sauti isipokuwa kwa habari ya kuhifadhi.

"Nani alikutuma? Nani alikwambia umguse? Umemuua!"

Macho Manne alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sketi, akaivaa tena.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiye uliyetufundisha mguu usiteleze."

Mwalimu akachukua begi lake. Akatoka.

Siku ile hakufundisha tena. Alipekua makabati, akachomeka kila diski ya zamani aliyoiona, akafungua filamu za wanafunzi wa miaka iliyopita. Walikuwepo wachawi na maaskari na simba, lakini kila mmoja alikuwa ameuchezea mwendo kivyake: huyu kaongeza kasi, huyu kapunguza hatua, huyu kamvika kanzu ndefu miguu haionekani. Kila mahali alikuta kipande, kwa ukamilifu wake hakumkuta popote. Saa ya chakula ilipofika alifunga mlango na kumwasha Kijiti mpya. Akala mkate wake mbele ya yule mgeni aliyekuwa akipita ukutani kwa adabu, hatua kumi na mbili, na hana habari naye.

Akasema moyoni, basi, nitamkumbuka mwenyewe. Akafumba macho na kumwita mwanawe apite. Aliyekuja ni Kijiti. Akajaribu tena, akamvika sare ya shule, soksi nyeupe, begi mgongoni. Ile sare ikaja ikitembea, na juu ya kola kulikuwa na kichwa cha kijivu kama yai. Mwalimu alifumbua macho haraka, jasho linamtoka. Miaka saba alidhani anamkumbuka mwanawe, kumbe alikuwa anamtazama tu, na kutazama kulikuwa kumekula kukumbuka mpaka mfupa. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi, maana siku ile uso wa mtoto alikuwa nao.

Asubuhi yake Macho Manne alibisha mlango wa ofisi ya walimu. Macho yalikuwa yamevimba nyuma ya vioo. Mwalimu aliinuka kabla hajasalimiwa.

"Nisamehe, mwanangu. Jana niliropoka. Umefanya kazi nzuri, na ndiyo mtakayotuma. Kosa ni langu mimi, wewe huna kosa hata chembe."

"Ulisema nimemuua mtu."

"Hukuua mtu."

"Ulikuwa mwendo wa nani, Mwalimu?"

Kwa miaka saba hakuna aliyeuliza swali hilo hivyo, kwa upole, na akangoja jibu. "Wa binti yangu," alisema. "Alifariki."

Macho Manne alifungua kinywa kama mwenye neno, akamtazama Mwalimu kuanzia usoni mpaka viatuni, akakifunga. "Pole sana," alisema baadaye. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akaongeza: "Naweza kujaribu kuurudisha. Si kwa mashindano, kwa ajili yako. Namba nyingi nazikumbuka. Lakini namba peke yake, kompyuta itajaza kwa njia ya mkato. Anatakiwa mtu anayemkumbuka, atembee mbele ya kamera nimwone."

"Mimi siwezi. Tangu jana najaribu, sioni kitu."

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Basi muulize mama."

Ukisikia hivyo unadhani ni jambo jepesi. Mwalimu alikwenda nyumbani alasiri ile akizunguka mitaa miwili isiyo ya njia yake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda sketi za shule, pini nne midomoni. Mwalimu alisimama mbele yake, begi bado begani, na akamwambia yote bila kupumzika, kuanzia vifungo vyeupe mpaka hifadhi ya tatu. Alipofika kwenye mkate na mapazia, cherehani ilikuwa imesimama.

Mkewe alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Miaka saba," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamwona kila siku."

"Kila siku ya shule."

"Unakula mkate, unamwangalia anapita." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa inapanda. "Na mimi niko hapa na sanduku. Miaka saba nalikalia sanduku nisije nikakutonesha, nikajisemea mwache, huyu akiona picha ataanguka. Kumbe mwenzangu unaye, umejifungia naye! Hukuona hata siku moja useme, mama yake, njoo nawe umwone?"

"Niliogopa."

"Hukuogopa. Ulininyima."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwalimu alilimeza kama lilivyo. Alikaa chini kwenye kigoda cha wateja. Nje mtu alikuwa anapiga misumari. Mwishowe akasema kilichomleta, kwa kuwa hakikuwa na pa kurudi. "Nimempoteza kabisa. Simwoni tena hata nikifumba macho. Nionyeshe alivyokuwa anatembea. Ule mguu wa kushoto, ulivyokuwa unachelewa, halafu mabega…"

"Mguu gani wa kushoto?"

"Aliokuwa anauburuza."

Mkewe alimtazama kana kwamba amemtajia mtoto wa jirani. "Mwanangu hakuwa anaburuza mguu. Mwanangu alikuwa anarukaruka. Kutwa nikimkemea, tembea kama watu, utavunja vyombo! Umesahau?"

"Nimeuhesabu mimi, kifungo kwa kifungo."

"Na vifungo nilishona mimi, na nilikuwa nimesimama hapa hapa." Kitu kilipita usoni mwake, akaweka mkono kifuani. "Yallah. Hukujua? Miaka yote hiyo hukujua?"

"Kujua nini?"

"Alikuwa anakuigiza wewe."

Mwalimu aliinuka kwenye kigoda.

"Ulimwambia asirukeruke, atembee kama mtu mzima. Akanikonyeza, akatembea kama wewe. Kidevu juu, na goti lako lile la kushoto, tangu ulipoanguka ngazini. Nilikaribia kumeza pini kwa kucheka. Naye alipofika pale karibu na mlango, nusura acheke mwenyewe, akajizuia mpaka mabega yakamtetemeka. Kisha akakimbia uani, tukacheka huko wawili mpaka tukakaa chini. Wewe ulikuwa umeinamia simu."

"Goti langu lilishapona."

"Limepona kwako. Sisi tunaokutazama ukienda zako, tunaona. Nyani haoni kundule, mume wangu." Akacheka, kweli akacheka, kisha kicheko kikamgeukia njiani akafunika uso kwa sketi ya mtoto wa watu.

Mwalimu hakuweza kusogea. Wachawi, maaskari, simba, mswaki wa kwenye runinga, wote walikuwa wanatembea mwendo wake yeye, na kila mchana alikuwa amekaa gizani akijitazama mwenyewe akipita. Mtoto alikuwa amemtania, kwa mara ya mwisho, na utani ule ulikuwa mzuri, umepimwa sawasawa. Na yeye baba mtu alikuwa ameuchukua akaufanya kaburi. Hakuwahi kucheka hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Mkewe alijifuta, akainuka, akakisukuma kigoda ukutani, akaenda kusimama mwisho wa korido, mgongo kwenye mlango wa jikoni. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kutoka uani na kulala sakafuni mpaka katikati.

"Tembea," alisema.

"Nitembee vipi?"

"Tembea tu. Usiufikirie mguu."

Mwalimu aliweka begi chini. Akaanza. Mara ya kwanza maishani mwake alisikia unyayo wake wa kushoto: ulikwaruza saruji, ukachelewa, ukajirusha. Katika korido ile nyembamba sauti iligonga ukuta ikamrudia kwa nyuma, hata ikawa kama kuna mtu mdogo anamfuata hatua kwa hatua. Shingo ikamsisimka. Akataka kugeuka.

"Usigeuke," alisema mkewe. "Njoo hivyohivyo."

Akaja. Alipokaribia mlango alimwona mkewe amefunika mdomo kwa mikono miwili. Hakuwa anamtazama yeye usoni. Macho yake yalikuwa chini kidogo, usawa wa kifua chake, pale kinapofika kichwa cha mtoto wa miaka kumi na mmoja.

"Umemwona?" aliuliza Mwalimu.

Mkewe aliishusha mikono.

"Rudi kule," alisema. "Anza tena."

Akarudi mpaka chumba cha mbele, akaanza tena.